Aliyesikiliza Simu ya Severo

"Ndiye huyu?" Teofista aliuliza, wala hakuacha kukatakata maini.

Ndiye, alijibu wakili Catalbas, akamketisha mgeni kwenye benchi la kibanda cha supu, hapo soko la La Paz, mchana kweupe. Mgeni huyo, Panes, alikuwa polisi. Miaka na miaka alisikiliza simu za watu kwa amri ya wakubwa, na sasa amejitokeza kuyasema. Serikali ikamwita mlevi, mzushi, aliyefukuzwa kazi. Redio nazo zikadakia. Jaji alitaka mtu mmoja tu aliyesikilizwa aje athibitishe, na mume wa Teofista, Severo, kiongozi wa wakata miwa, alichukuliwa na gari lisilo na namba na hajaonekana mpaka leo. Aliyebaki wa kuthibitisha ni mkewe, aliyekuwa akizungumza naye kwenye simu hiyo.

Teofista hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Akamtega.

"Siku ile ya mwisho nilimwambia nimepika kuku."

"Hapana, dada. Ulisema mbaazi na fenesi. Nyama ya nguruwe hukuwa nayo, ukamwambia apitie buchani."

Kisu kilisimama. Maneno hayo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake mzazi. Na buchani ndiko walikomkamatia.

"Nani aliwaambia atapita huko?"

"Mimi."

Lo! Mtu anakaa kwenye benchi lako, anataka umwamini, na kila anapothibitisha ndivyo unavyozidi kutamani kummwagia supu ya moto usoni. Teofista alikamata upawa mpaka vidole vikamuuma. Angeweza kumwita mwongo, moyo wake ukapoa kidogo. Lakini wale waliomtuma wangelala usingizi mnono, na Severo asingeulizwa tena na mtu.

"Anasema kweli," alimwambia wakili. "Nitamwambia jaji hivyo. Na kwamba mimi ndiye niliyemtuma Severo buchani, nitasema pia. Sasa mwondoe hapa."

Panes alisimama, akasita. Akaeleza kwamba simu ya Severo ilitegwa hivi kwamba hata ikikatwa bado walimsikia. Siku ile Teofista alikata haraka, chungu kilikuwa kinafurika. Severo akabaki anacheka peke yake, akasema, "Mwanamke huyu, bwana."

Teofista hakuwahi kumchukia mtu kiasi kile.

"Rudia," alisema. "Na usiigize sauti yake."