Marahaba ya Polikarpo

Mwaka 1954, katika karakana moja ya Chang'ombe, Polikarpo alikereza boliti za ndege kwa titani, chuma kipya chepesi kilicholetwa kwa majaribio. Chuma chenyewe kina kiburi. Ukikiendea mbio kinawaka moto mweupe, ukisitasita kinakuwa kigumu na kuharibu kisu cha mashine. Polikarpo, aliyekulia Masasi akikereza mpingo, alikwenda nacho pole pole bila kusimama. Alipomaliza, msimamizi wake, Bwana Kroft, alizigonga boliti zote chapa ya jina lake mwenyewe.

"Boi, fagia," akasema. Boi huyo alikuwa na wajukuu.

Ndege iliyofungwa boliti hizo iliruka Jumapili asubuhi kwenda Nairobi, lakini kwanza ilipita Keko. Ilizunguka juu ya nyumba ya Polikarpo, ikainamisha bawa, ikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Polikarpo kutoka barazani, nayo ikaenda zake. Mkewe, Filomena, alisema huyu angalau ana adabu kuliko wale aliowazaa yeye. Jirani alilalamikia tu vumbi kwenye nguo alizoanika.

Ikawa ndiyo desturi ya kila Jumapili. Polikarpo akaomba boliti zigongwe jina lake. Kroft akamjibu kwamba jina la boi halipandi ndege. Jumapili iliyofuata Polikarpo hakuitikia salamu.

Ndege ikazunguka, ikaamkia, ikazunguka tena. Ndani alikuwamo mkubwa mmoja wa serikali, na mafuta yalikuwa yakipungua. Kroft, aliyekwisha kusikia habari za salamu hizo, akaja na gari, akasimama uani, akapaza sauti, "Marahaba!" mpaka ikamkauka. Ndege haikumjali.

"Boi, itikia."

"Chapa ni yako, bwana. Si umeshaitikia?"

Filomena akamkumbusha mumewe kwamba mle ndani mna watu. Polikarpo alijua. Akamwambia Kroft, "Niite jina langu. Na kazi yangu."

Injini ikakohoa.

"Fundi Polikarpo," akasema Kroft, kama anayemeza kwinini.

"Marahaba, mwanangu. Nenda salama."

Jumatatu boliti mpya ziligongwa jina la Kroft, na boi akaambiwa afagie. Abiria wa Nairobi walielezwa kwamba safari za Jumapili huchelewa kwa sababu ya upepo. Na kila Jumapili Kroft huendesha gari mpaka Keko, husimama juani uani, na kulitamka jina lote majirani wakisikia. Polikarpo humalizia chai yake kwanza.