Betri ya Akiba ya Nurto

Nurto alikuwa amechoshwa na betri kuliko alivyochoshwa na uzee. Stima ya Isiolo mwaka huo wa 1984 ilipotea ilivyotaka, na ikipotea, redio koli ya duka lake pale Kiwanjani, ile ya kuzungumza na maduka ya mbali, ilitegemea betri ya lori iliyokaa chini ya meza. Kuichaji ni kuisukuma kwa mkokoteni hadi mjini, asidi ikila nguo. Na kila arusi ya jirani iliitaka kwa taa na kaseti. Utamnyima nani? Jirani yake Kabale aliiazima akimwoza bintiye, akairudisha na sahani ya nyama na dua tele. Nurto akala nyama, betri akaiacha ilivyo, moto wake umebaki kidogo. Nitaipeleka kesho, alisema. Mwili ulikuwa umekataa.

Hiyo kesho stima ikakatika asubuhi. Alasiri akaingia Jarso, dereva wa lori, uso mweupe kwa vumbi.

"Mama, shifta wako Merille, wanavamia magari! Kioo yangu wamepiga risasi. Gedi asitoke Laisamis!"

Gedi, mwanawe wa pekee, alikuwa Laisamis, ng'ambo ya Merille, na lori la mbuzi, na kabla ya kuondoka huita kwa redio ya duka la huko. Jarso hajamaliza, redio ikakoroma. Ni Gedi, akimwita mama kwa Kisomali.

"Hooyo, salaam aleikum."

Kusikiliza hakuli moto mwingi. Kusema ndiko kunakoumaliza. Nurto alilijua hilo vizuri. Lakini tangu azaliwe hajawahi kumpa mtu habari kabla ya salamu, sembuse mwanawe. Mdomo ukatangulia.

"Aleikum salaam, mwanangu. Mko salama? Gari nzima? Mmekula? Mgongo yako inaendelea aje?"

"Alhamdulillahi, hooyo. Mgongo imepoa. Na wewe, miguu?"

"Mwambie!" Jarso akapiga kelele.

Nurto akafinya tena kitufe cha kusemea. Taa nyekundu ikawaka, ikafifia, ikazima. Alipokiachilia, sauti ya Gedi ikarudi. Akafinya tena, ikazima tena. Mjinga mimi, akajitukana, nimemaliza moto kwa kuuliza mgongo!

"Hooyo, sikusikii. Betri imeisha, ama? Usijisumbue, najua umechoka." Gedi akacheka kidogo. "Tunatoka saa hii. Chakula ya jioni tutakula kwako."

Nurto akaishika mashine kwa mikono miwili akamjibu hivyo hivyo, kwa sauti yake yote, asitoke, asitoke, na hakuna aliyemsikia ila Jarso.