Simu Tatu za Tarehe Kumi

Kazini walimwita Kalenda, na jina likamganda hata nyumbani. Alifanya kazi kwenye kiwanda kinachochapa kalenda zile za kuchana karatasi moja kila siku, na ndiye aliyejaza yale maneno madogo chini ya tarehe: leo ni siku ya nini duniani, leo mwaka fulani kulitokea nini. Meza yake ilibanwa kati ya mlango na kabati la wino. Kila jambo aliliandika kwenye kikaratasi chake peke yake, maana alisema mambo mawili hayalali kitanda kimoja.

Kwa mdogo wake alifanya vivyo hivyo, ila kwa simu. Mdogo wake huyo, wa kike na wa pekee, alikuwa fundi kwenye karakana ya sare za shule, upande wa kola. Ikifika saa nne asubuhi, simu inaita.

"Mdogo wangu, leo ni siku ya pengwini duniani."

"Kaka, pengwini ananihusu nini mie? Nina kola sabini hapa."

"Basi mtumie salamu tu."

Siku yenye jambo moja ilikuwa na simu moja. Yenye mawili, simu mbili. Asipopokelewa hanuni, anangoja kidogo, kisha anapiga ya jambo linalofuata. Karakana nzima ilizoea. Mama Vifungo, aliyekaa kwenye mashine ya jirani, alikuwa akimtania: "Pokea, bibi wee. Huenda leo ni sikukuu ya wasiopokea simu."

Mwaka jana, jioni ya tarehe tisa mwezi wa nne, miti ya barabarani ikianza kutoa majani mapya, Kalenda alimpitia mdogo wake nyumbani. Alikuwa ameanza likizo, amejaa furaha kama mtoto. Akiaga mlangoni akasema: "Kesho jiandae. Kesho ina mambo matatu."

Kesho yake kulikuwa na mzigo wa sare wa kutoka kabla ya adhuhuri. Msimamizi alipita nyuma ya viti akiguna. Saa nne na dakika kumi simu ikatetemeka ndani ya kikapu cha nyuzi. Dada mtu akaona jina, akaiacha. Saa nne na dakika kumi na mbili ikatetemeka tena. Saa nne na robo, mara ya tatu, ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Kisha kikapu kikanyamaza.

Jirani alimkuta Kalenda saa saba mchana, sakafuni kando ya kitanda, simu imemlalia kifuani. Daktari alisema ni moyo.

Usiku ule dada mtu alizifuta zile simu tatu kwenye simu yake. Simu ya marehemu ilikuwa na namba ya siri ambayo hakuna aliyeijua. Chaji ikaisha, mama yao akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini.

Tangu siku hiyo mama alibaki na faraja moja tu, akaishikilia kama kipofu na fimbo yake. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia: "Mwanangu hakuteseka. Aliondoka kama anayesinzia. Angeumwa angempigia mdogo wake. Yule hata maji hanywi bila kumwambia mdogo wake." Kisha anamgeukia binti yake: "Si kweli, mwanangu?"

"Kweli, mama."

Akawa anakonda, watu wakasema ni msiba, na hawakukosea sana.

Mwaka ukazunguka. Tarehe kumi dada mtu aliomba ruhusa kazini, akaenda kushinda na mama. Ukutani, juu ya meza ya kulia, ilining'inia kalenda ya mwisho aliyoijaza Kalenda mwenyewe, maana kiwandani huanza kuzitayarisha mapema mno. Mama alivaa miwani, akachana karatasi ya jana, akasoma ya leo kwa sauti, neno moja moja.

"Siku ya Ndugu katika nchi kadhaa. Mwaka 1849, fundi mmoja alisajili uvumbuzi wa pini ya nguo inayojifunga. Mwaka 1912, meli kubwa iling'oa nanga kwa safari yake ya kwanza, isifike." Akavua miwani. "Ndugu, pini na meli! Hebu ona mambo yake." Akacheka, na machozi yakafuata humo humo. "Leo angekusumbua kwa simu tatu."

Dada mtu alishika ukingo wa meza.

"Nimempata fundi simu," mama akaendelea, akifungua kile kitambaa. "Amesema anaweza kuifungua bila kufuta kitu. Nampelekea kesho. Nataka picha zake tu, nimwone anacheka."

"Usiipeleke, mama."

"Kwa nini?"

"Kaa kwanza."

"Nimekaa miaka sitini na nane. Sema."

"Alinipigia. Siku ile. Saa nne na dakika kumi, na kumi na mbili, na robo. Aliniambia jana yake kuna mambo matatu. Nilidhani ni hayo."

Mama hakulia. Aliuliza polepole, kama anayeulizia njia.

"Ya kwanza, ulikuwa unafanya nini?"

"Nashona kola."

"Ya pili?"

"Kola, mama."

"Ya tatu?"

Hapo ndipo palipomuua mwaka mzima. "Nilicheka. Nilimwambia Mama Vifungo, haya, hiyo ndiyo ya tatu, sasa atatulia."

Maji yalikuwa yakichemka jikoni. Hakuna aliyekwenda kuyaepua. Mama aliifunga simu tena kwenye kitambaa, fundo juu ya fundo.

"Mwaka mzima," alisema, "umeniacha nimshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikuwapo."

"Nisamehe, mama."

"Sijui. Usiniharakishe. Nenda kwako. Kesho usije. Keshokutwa pia usije. Nitakuita."

"Utaniita kweli?"

"Nenda, mwanangu."

Alivaa viatu mlangoni. Akasimama kidogo kwenye korido, huenda mama akabadili neno. Ndani alisikia kiti kikivutwa, kisha sauti ya mama, ndogo, ikisema na nafsi yake.

"Kumi. Kumi na mbili. Kumi na tano. Dakika tano. Mwanangu alikaa dakika tano anaita."