Damu Imeganda, Leteni Nyingine

Kama kuna maneno yaliyomchosha Sadia roho wiki ile, ni haya: damu imeganda. Aliyasikia asubuhi, akayasikia adhuhuri, na ungemwamsha usingizini angekutajia. Yalitoka kwenye kidirisha cha maabara, kinywani mwa Komora, mtu mpole wa Ngao ambaye hata kukukatalia hukukatalia kwa kubembeleza. Hilo ndilo lililomuudhi Sadia zaidi. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Mtu akikuita "sista wangu" huku anakurudishia kichupa chako, utamfanyaje?

Mwenye damu alikuwa mtoto wa kiume wa mama aitwaye Barwako, na bado hakuwa na jina. Alizaliwa nyumbani, kwenye malisho nje ya Garsen, akanyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha akaacha. Aliyembeba mpaka hospitali ni bibi yake Abdia, mama wa baba yake, huku Barwako akijikokota nyuma yao.

"Hanyonyi," Abdia alisema mlangoni kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Halii. Moto tu, halii."

Sadia, muuguzi wa chumba cha watoto wachanga, mzaliwa wa Kipini na mwepesi wa hasira kama mama yake, alimpokea na kumwanzishia sindano siku ile ile. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu, hilo halikuhitaji mganga. Lakini mtoto hakupata nafuu. Tumboni akatoka vidoa vyekundu mithili ya kuumwa na viroboto, na kila alipochomwa, tundu la sindano lilibaki likivuja. Mashine ya maabara ikasema chembe za kugandisha damu ni chache. Ikapimwa tena, zikawa chache zaidi. Mtoto mchanga mwenye maambukizi makali chembe hizo humwishia, na zikiendelea kushuka huku anachomwa dawa, basi dawa hazifui dafu. Sadia alitaka mtoto abadilishiwe dawa na apelekwe Malindi, kwa daktari wa watoto, kabla hajamfia mikononi.

"Sista wangu," Komora alimwambia kila mara, "damu imeganda. Leteni nyingine."

Na hapa tumtendee Komora haki. Pale hospitalini watoto wachanga walitolewa damu kwa kutobolewa kisigino, kisha kisigino kikakamuliwa tone kwa tone, kama unamkamua mbuzi aliyekauka. Kichupa kinapojaa, damu imeshaanza kuganda humo humo, chembe zimenaswa kwenye donge, na mashine inahesabu kilichobaki. Jibu linakuwa la uongo. Siku moja mtoto alikimbizwa Malindi kwa jibu la namna hiyo, akafika akionekana mzima, na Komora akasemwa mbele ya wenzake mpaka akatamani ardhi impasukie. Tangu hapo, mtoto mchanga yeyote mwenye chembe chache, kwake damu imeganda, awe ameitazama au hajaitazama. Mara nyingi alikuwa sahihi, na Sadia alilijua hilo. Lilimkera vile vile.

Martin, tabibu wa zamu ambaye watu wote walimwita daktari, naye alikuwa na wimbo wake.

"Malindi wataniuliza maabara wamesemaje. Nikiwaambia imeganda, si watanicheka?"

"Basi mtazame mtoto."

"Nimemtazama."

Alikuwa amemtazama, ndiyo, akiwa amesimama mlangoni na simu mkononi.

Asubuhi ya siku ya saba tangu mtoto azaliwe, Sadia alisema basi, imetosha. Alitafuta mshipa wa mkononi, Barwako akamshika mwanawe, na damu ikashuka yenyewe bila kukamuliwa. Akakigeuzageuza kichupa polepole, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hapakuwa na donge hata la kusingizia. Akakifumbata kiganjani na kutoka.

"Sista," Abdia alimwita kutoka kitandani, "leo mtoto..."

"Nakuja, mama."

"Sista, ngoja."

"Nakuja!"

Hakuja. Alikwenda kusimama kwenye kidirisha cha Komora na huko akasimama kweli kweli.

"Iache hapo," Komora alisema. "Kuna foleni."

"Siiachi. Dondoshea tone kwenye kioo, utazame kwa darubini. Kama chembe zimeganda utaziona zimeshikamana. Kama hazipo, utaona hazipo."

"Sista wangu, nikianza kutazama damu ya kila mtoto, kazi nyingine nifanye saa ngapi?"

"Kila mtoto nani kakwambia? Nimesema huyu!"

"Umemkamua kisigino?"

"Nimetoa kwenye mshipa, Komora. Mshipa! Au nikuletee mtoto mwenyewe umkingie kichupa?"

Watu waliokaa kwenye benchi wakaacha kuongea ili wasikie vizuri. Martin akapita na kumwomba apunguze sauti, kuna wagonjwa. Sadia akacheka kwa uchungu. Wagonjwa! Kumbe alijua wapo.

Alikuwa bado anafoka Barwako alipotokea upande wa wodini, miguu mitupu, akishikilia ukuta.

"Sista," alisema. "Damu. Haikomi."

Sadia aliacha kichupa dirishani akakimbia.

Abdia alikuwa ameketi kitandani na mtoto mapajani, bakuli la maji kando yake. Nusu ya kichwa cha mtoto ilikuwa imenyolewa vizuri. Kule nyumbani Abdinur, baba wa mtoto, alikuwa amechinja mbuzi wa akika, wageni wamekaa, dua imesomwa, na alikuwa amepiga simu kuuliza kama nywele zimetoka. Siku ya saba mtoto hunyolewa na kupewa jina, na Abdia aliwanyoa wajukuu wake wote bila mkono kutetemeka. Wembe ulikuwa mpya, ndio kwanza umetoka kwenye karatasi yake. Alipokatika palikuwa padogo, juu kidogo ya sikio, mchubuko ambao mtoto mwingine angeusahau kabla hajamaliza kulia. Damu haikuruka. Ilitiririka tu, nyembamba, ikaingia nyuma ya sikio na kulowesha leso, na ilipofutwa ikatoka tena.

Sadia akabandika shashi, ikalowa. Akaweka ya pili. Martin akaingia kwa kelele za Barwako, na safari hii alifika mpaka kitandani. Akainama, akatazama, akainua shashi na kuirudisha upesi.

"Damu hii haigandi," alisema.

Sadia alimwangalia bila kupepesa.

"Haigandi," alimjibu. "Siku zote hizi nawaambia haigandi."

Kabla shashi ya tatu haijalowa, Malindi walikuwa wamepigiwa, dawa zimebadilishwa na dereva wa ambulensi ametolewa hotelini na chapati yake mkononi. Yale yote ambayo Sadia aliyaomba mpaka sauti ikamkauka yalifanyika pale pale, bila mtu kuuliza maabara wamesemaje. Alitaka kufurahi, lakini alijisikia kupiga mtu kofi.

"Mama," Martin alimwambia Abdia, "mnaleta wembe hospitalini? Mtaua watoto na mila zenu!"

Abdia akaficha mikono yake ndani ya mtandio.

"Mwache," Sadia alisema.

"Lazima aambiwe."

"Nimesema mwache! Huyu ndiye aliyekufanyia kipimo ulichokikubali. Mimi nilikuletea ngapi? Leo wembe umemteleza bibi wa watu, ndiyo umeamini, halafu unamgombeza!"

Martin akatoka kwenda kumhimiza dereva.

Kwenye ambulensi Barwako alilazwa upande mmoja, hana nguvu. Sadia alihitaji mikono yote miwili kwa ajili ya dripu na oksijeni. Akamwekea Abdia mtoto mapajani, lakini bibi hakutoa mikono mtandioni.

"Mama, bonyeza hapa kwenye shashi."

"Mkono hii? Mkono hii ndiyo imemkata."

"Mama, nisikilize." Sadia alipiga magoti kwenye sakafu ya gari ili waonane uso kwa uso. "Mimi Mwislamu kama wewe. Nilijua leo ni siku ya saba. Ningekwambia nywele zinaweza kungoja mpaka akipona. Uliniita, nikakukimbia, nikaenda kugombana na watu."

"Nilikuita mara mbili."

"Mara mbili, mama. Nisamehe."

Abdia akatoa mkono mtandioni na kubonyeza kwa kidole. Gari lilipokuwa linawashwa, Komora akaja mbio, koti jeupe likipepea, akashika mlango wa nyuma.

"Sista, nimetazama kwa darubini. Haijaganda. Chembe karibu zote hazipo."

Sadia alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na mengine si ya kuandikwa hapa. Hapakuwa na muda.

"Wapigie Malindi," alisema. "Waambie wewe mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Waliipita Garsen, wakashika barabara ya Malindi. Shashi ilikuwa imeacha kulowa chini ya kidole cha Abdia. Sadia alimhesabia mtoto pumzi, akatazama dripu, akahesabu tena. Alikuwa anapumua, na kwa wakati ule hilo lilitosha.

"Sista," Abdia aliita.

"Naam, mama."

"Kila siku mlitoboa yeye. Mguu, mkono, kila siku damu. Ile damu yote mlipeleka wapi?"

Sadia aliirekebisha dripu ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

"Tuliimwaga, mama," alisema.

Abdia akatikisa kichwa, akabonyeza vizuri zaidi.