Muaz Alibaki Stoo

Mbaruk alipoteza fainali ya wilaya kwa sababu mchezaji wake bora alikaa benchi mpaka filimbi ya mwisho. Aliyemweka benchi ni Mbaruk mwenyewe.

Kariakoo walimjua kwa vitenge na mdomo. Shule aliiacha darasa la tano, lakini duka lilimfunza kwamba mali nzuri haiwekwi mbele. Muoneshe mteja vya kawaida kwanza, abishe mpaka achoke, ndipo umtolee cha stoo. Kwa akili hiyohiyo aliongoza timu ya mtaa, akijiona bingwa wa mbinu. Muaz, mshambuliaji ambaye mabeki walimwota usiku, ndiye akawa kitenge cha stoo.

"Meneja, muanzishe Muaz," alisema Clotilda, msaidizi wake, siku ya fainali. "Yule mwenye kofia pale jukwaani katoka klabu kubwa, amekuja kumtazama yeye tu."

"Tulia, dada. Mteja hajapoa."

"Mteja gani? Huu mpira! Kwenye semina ya viongozi si tuliambiwa? Kuna anayewaza kwa mpangilio na anayewaza kwa moto wa kifua. Wasiposikilizana, timu inakufa."

Mbaruk alikuwepo kwenye semina hiyo. Alichokumbuka ni sambusa.

Vijana wa Ilala wakafunga bao. Moto ukampanda Mbaruk, akamtoa beki. Kiungo akapoteza mpira, naye nje. Winga akamtazama kwa jicho baya, nje!

"Meneja, tunaruhusiwa kubadilisha watatu tu," Clotilda alisema polepole, kama anayeongea na mgonjwa.

"Najua!"

Hakujua. Nalo lilisemwa semina, sahani ya sambusa ilipokuwa inapita.

Dakika za lala salama, Mbaruk akapiga makofi. "Haya, sasa mteja kapoa! Muaz, ingia!"

Mwamuzi wa akiba akamzuia Muaz kwenye mstari. "Mzee, nafasi zako zimekwisha."

"Nipunguzie basi, bwana. Nakurudishia yule winga, unipe huyu."

"Mzee, hapa si dukani."

"Mwongezee na kanga!" mtu akapiga kelele, uwanja mzima ukaangua kicheko. Angekuwa anachekwa meneja mwingine, Mbaruk angecheka kuliko wote. Aligeuka kumtafuta mwenye kofia. Kiti kilikuwa kitupu.

Muaz akavua viatu. Havikuwa na hata vumbi.

Basi hasara ikawa hii. Kombe lilikwenda Ilala. Mwenye kofia alimchukua mshambuliaji wao. Muaz alihamia timu ya Feri, na siku hizi akipita dukani husema "Shikamoo" tupu. Neno "meneja" kalimeza. Cheo chenyewe kilipigiwa kura, akapewa Clotilda kwa mikono yote, pamoja na wa Mbaruk, ambaye aliunyoosha kabla hajasikia swali.