Muhuri wa Daktari Khisa

Mihuri imenichosha, wacha niseme tu. Chuo cha ng'ambo kilikuwa tayari kunipa nafasi ya PhD, nikatengeneze mashine ya kukausha mahindi kwa jua, maana huku kwetu Kitale mvua ikizidi wakati wa kuvuna, magunia yanaota kuvu. Kilibaki kitu kimoja: barua ya Daktari Khisa, aliyenifundisha uhandisi Bungoma. Aiweke mwenyewe mtandaoni kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa. Basi!

Wiki tatu nampigia. "Inakuja, Lenah." Inakuja na nini, na mkokoteni? Ijumaa nikafunga safari. Nikawekwa benchi mpaka saa tisa, ati yuko mkutanoni.

Kumbe barua ipo. Ameipiga muhuri, ameifunga kwenye bahasha, na juu ya gundi akapiga muhuri mwingine.

"Peleka hivyo hivyo. Usifungue, ni siri."

"Nipeleke wapi, Daktari? Si wanaitaka kwa mtandao!"

"Barua bila muhuri ni karatasi tu, mama."

Haki ya Mungu! Nikamwomba simu yake, nikamfungulia ukurasa aliotumiwa na chuo wa kupandishia barua, nikabembeleza mpaka koo likakauka. Yeye ananisimulia barua za zamani. Ilipofika saa kumi na nusu nikaona heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikairarua bahasha mbele yake.

Alinitazama kama aliyefumania mwizi wa sadaka. "Sasa umeiharibu. Si siri tena." Akachapisha nyingine, akaenda nayo polepole jengo la pili kumtafuta Wilkista, karani anayeshika muhuri. Simu akaiacha mezani.

Nikaipiga picha ile barua kwa simu hiyo. Hapo ndipo nikaisoma: "Katika miaka ishirini na sita sijafundisha mwanafunzi hodari na mwaminifu kama huyu." Machozi yakanilengalenga. Mtu anakusifu hivi halafu anakuua na muhuri!

Nikaipandisha. Ukurasa ukamuuliza Daktari swali la mwisho: mwombaji ameiona barua hii?

Saa kumi na dakika hamsini na mbili. Nikabonyeza "Hapana", nikatuma.

Daktari akarudi akihema, bahasha mpya mkononi, wino haujakauka. "Hii usifungue, mama. Nakuamini."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Kumtazama usoni nilishindwa.