Mafuta ya Gunia la Forodha

Mume wangu Marhoon hajapata kuvuta hata sigara. Nnalisema hili mwanzo kwa sababu mpaka leo wapo watu mtaani kwetu Darsait wanaoniita mke wa mvuta bangi, na baadhi yao nimekula nao pilau za harusi sinia moja.

Unguja alikuwa na kazi ya heshima. Miaka kumi na mmoja alipima mafuta ya karafuu katika maabara, na kwa kunusa tu aliweza kujua pipa lililochanganywa. Baada ya mapinduzi ya mwaka sitini na nne tukafika Maskati na masanduku mawili na cheti chake. Cheti hakikumshughulisha mtu. Akapata kazi ya kuosha chupa katika zahanati ya Daktari Ishaq, Mhindi wa Bombay aliyekuwa na vyumba vitatu bandarini Matrah, na uani jiko la kuchomea bandeji chafu.

Mwaka sitini na saba nilijikata mguu kwenye jiwe kisimani, juu kidogo ya kifundo. Jeraha dogo, nikalidharau. Likatunga usaha. Daktari Ishaq akanidunga penisilini wiki tatu, na kidonda kikazidi kula nyama. Mwisho akachukua usaha, akaupanda kwenye kisahani cha kioo chenye jeli, akatia penisilini, na wale vijidudu wakaendelea kuota kama hawakutiwa kitu.

"Hawa washaizoea dawa," akamwambia mume wangu. "Nyengine mimi sina. Kama una mtu Karachi, mwandikie akutafutie."

Hatukuwa na mtu Karachi.

Siku hizo hizo askari wa forodha wakaleta gunia la bangi walilolikamata kwenye mizigo ya baharia, lichomwe katika jiko la zahanati. Kazi ya kuchoma ni ya Marhoon. Mchana ule alirudi nyumbani mbio, kilemba kimelegea.

"Mahbuba, yale majani yana harufu ya karafuu."

"Astaghfirullah. Bangi inuke karafuu?"

"Si karafuu yenyewe. Chini ya ile harufu kali pana kitu nnachokijua. Kimo katika mafuta ya karafuu, tukikiita kariofilini. Na pana harufu kama ya tapentaini, na nyengine kama ganda la limau. Mafuta ya namna hii yanaua vijidudu. Wallahi, ya karafuu nimeyaona kwa macho yangu yakiua."

Kesho yake akamwomba daktari abakishe kikapu kimoja cha majani ayajaribu. Daktari Ishaq akacheka, lakini akamruhusu. "Fanya. Na mimi nataka kujua."

Marhoon akayatia majani ndani ya mtambo wa kuvukizia na kupozea maji ya sindano, akapitisha mvuke. Mvuke ulipopoa, juu ya maji pakaelea utando wa manjano. Kikapu kizima hakikujaza kijiko cha chai. Majani yaliyobaki akayachoma yote, kama alivyoamriwa. Alinieleza kuwa kile kinacholevya ni kizito, hakipandi na mvuke, kinabaki katika majani.

Akakata kipande cha karatasi, duara kama ukucha wa kidole gumba, akakichovya katika mafuta, akakiweka juu ya kisahani kilichopandwa usaha wangu. Siku ya pili akanipandisha punda, akanipeleka nikatazame. Kisahani kizima kimejaa madoa meupe kama maziwa yaliyoganda. Ila pale kwenye karatasi, pembezoni mwake, pamekuwa safi, kama mtu kapapangusa kwa kitambaa. Daktari Ishaq akapima kwa rula, akaandika katika daftari lake.

"Tia mguuni," nikamwambia Marhoon.

"Kisahani si mguu, Mahbuba. Yanaweza kukuunguza."

"Mguu wangu huu. Tia."

Akayachanganya na mafuta ya ufuta, akanitia. Yaliwasha, nikauma kanga. Siku ya nne usaha ukapungua. Siku ya saba ile harufu ya uvundo, iliyokuwa ikiwafanya wageni wakae mlangoni, ikaondoka. Siku ya kumi nikasimama jikoni nikakaanga samaki.

Siku ya kumi na moja askari wakaja zahanati. Mgonjwa mmoja alikuwa amekwenda kusema kuwa pale panapikwa bangi. Hawakuhitaji kupekua. Kichupa cha yale mafuta kilikuwa rafuni, na juu yake Marhoon kaandika kwa mkono wake, kwa herufi nzuri: mafuta ya bangi. Hakuwa na la kuficha, ndiyo maana hakukificha.

"Daktari anajua," aliwaambia. "Muulizeni, limo katika daftari lake."

Daktari Ishaq alisimama mlangoni akipangusa miwani. "Mimi nilimpa gunia achome," alisema. "Huyu muosha chupa. Mambo ya maabara atayajulia wapi?"

Kichupa wakakimwaga mchangani. Marhoon akapelekwa gerezani miezi tisa, pingu miguuni. Kidonda kikarudi, na mwezi wa tatu nikakatwa mguu chini ya goti. Sijui kama yale mafuta yangeniponya. Marhoon mwenyewe husema siku kumi si ushahidi. Lakini siku kumi zile nilikuwa nao mguu.

Mwaka wa sabini ikaja serikali mpya, na watu wa Unguja waliosoma wakawa wanaitwa kazini kutoka kila pembe. Marhoon akapiga pasi kanzu yake ya dishdasha, akachukua cheti chake, akaenda. Afisa aliyempokea alikuwa Mahfoudh, mtoto wa jirani zetu wa zamani.

"Ami Marhoon, watu kama nyinyi ndio tunaowatafuta," alisema. Kisha akafungua jalada, akalisoma. "Ila jina lako limo humu. Kesi ya bangi. Lete barua ya daktari aeleze ilivyokuwa, na mimi ntajitahidi."

Daktari Ishaq alimkaribisha kwa kahawa na halua. Akaandika barua, akaibandika bahasha. Marhoon aliifungua njiani. Ilisema kwamba ni mtu mwaminifu, na kwamba kwa miaka mitatu aliosha chupa vizuri.

"Kwa nini hukuichana?" nilimuuliza.

"Ndiyo barua pekee nliyonayo."

Akaipeleka kwa Mahfoudh. Mahfoudh aliona haya, na kwa haya zile akamtafutia kazi: bawabu wa ghala la dawa. Fomu ya mabawabu haikuwa na mahali pa kutia saini, palikuwa na kisanduku cha dole gumba tu. Marhoon akamwambia karani kuwa anajua kuandika. Karani akamshika mkono, akamkandamiza kidole kwenye wino.

Jioni ile alikaa uani na sabuni na jiwe la kusugulia miguu, akikisugua kile kidole cha wino. Nilimwambia aache, atajichubua. Nikajikokota mpaka pale, nikamtilia maji mkononi, naye akaendelea kusugua.